Uma Uliopinda Mbele

Mwalimu Filemoni Kaduma alikuwa amelala kifudifudi kwenye daraja dogo la mawe, paji la uso juu ya jiwe, magoti yamekunjwa, utadhani ameinama kusali. Kofia yake ilikuwa imebingirika mpaka mtoni. Baiskeli ilikuwa hatua sita nyuma yake, upande wa juu wa mteremko, imelala ubavu, kengele yake ikimeremeta.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Julai, mwaka 1955, maili nne kutoka Njombe kwenye barabara ya Makambako. Umande ulioganda ulikuwa haujayeyuka juu ya majani. Inspekta Msaidizi Manase Luhanga alivua glavu, akagusa shingo ya maiti, akaivaa tena.

"Alianguka saa ngapi?"

"Kama saa moja na nusu, afande," alisema Koplo Marcelino. "Huyu mama aliona kwa macho yake."

Mama Getruda alikuwa ameketi juu ya gunia lake la viazi, akijikumbatia kwa baridi.

"Niliona, mwanangu, na laiti nisingemwamkia."

"Kwa nini, mama?"

"Nilisema, 'Kamwene, Mwalimu!' Naye akaachia usukani, akainua mikono yote miwili, kama kawaida yake. Huyu hakuwa mtu wa kuitikia kwa mkono mmoja. Hata kanisani, Jumapili anapokuwa Njombe, anaingia uwanjani hivyo, mikono juu, watoto wanapiga makofi. Basi leo baiskeli ikaanza kutikisa kichwa, kulia, kushoto, kulia, kama mbuzi anayekataa kamba. Ikajikunja. Yeye akaruka."

"Hakujaribu kuushika usukani?"

"Alijaribu. Ulishamkimbia."

Inspekta aliinua baiskeli. Gurudumu la mbele halikuwa na spoki hata moja iliyopinda. Breki zilikamata. Ila uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ulikuwa mweusi kuliko fremu nzima, weusi usiong'aa. Alipousugua kwa kidole, kidole kilitoka na masizi na harufu ya mafuta ya kondoo.

"Uma huu umeguswa majuzi tu," alisema.

"Baiskeli ilikuwa kwa Kefa, fundi wa sokoni," alisema Koplo. "Mwalimu aliichukua pale jana jioni. Na afande, wiki iliyopita Kefa alimwambia Mwalimu mbele ya watu, 'Ipo siku utakula udongo.'"

Inspekta alitazama mdomo wa marehemu. Ulikuwa umejaa udongo mwekundu.

Ikamtosha. Baadaye, kila alipokumbuka jinsi ilivyomtosha upesi, alijisikia joto masikioni hata katika baridi ya Njombe.

*

Jumamosi ni siku ya soko kubwa. Watu walikuwa wamejaa kati ya mafungu ya kabichi na viazi, na Kefa alikuwa amechutama chini ya kibao chake kilichoandikwa FUNDI WA KILA KITU, akiziba pancha. Mkewe Priska, mtoto mgongoni, alikuwa anaosha gololi kwenye kopo la mafuta ya taa.

"Kefa, simama."

"Shikamoo, afande. Kuna nini?"

"Mwalimu Filemoni amekufa. Baiskeli imemwua."

Kiraka kilimdondoka Kefa. "Amekufa? Baiskeli gani? Ile yake?"

"Ile uliyoitengeneza wewe."

"Mimi jana sikuwepo! Tangu Alhamisi nilikuwa Kichiwa, msibani kwa rafiki yangu. Nimerudi leo alfajiri. Uliza!"

"Utayasema kituoni. Lete mikono."

Pingu zilifungwa. Inspekta angeweza kumpitisha nyuma ya maduka. Alimpitisha katikati ya soko, kwa sababu ndiyo njia fupi, na pia, Mungu amsamehe, kwa sababu alipenda watu waone jinsi polisi wanavyofanya kazi haraka. Wanawake walishika vinywa. Kijana mmoja muuza chumvi alipaza sauti, "Kumbe fundi wa kila kitu, hata wa kuua!" Watu wakacheka. Kefa aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Priska aliwafuata mbio hadi ngazi ya kituo, soksi moja ya mtoto imeanguka njiani.

"Afande, jana mimi ndiye nilikuwa kibandani, mimi ningekuambia…"

"Mama, nenda nyumbani ukanyonyeshe mtoto. Hii kazi ya serikali."

Mlango ukafungwa.

*

Jumapili mchana, gari la polisi lilimfikisha Inspekta Makambako. Mjane wa Mwalimu, Dorika, alikuwa ameketi mkekani kati ya wanawake wa kanisa. Alimpokea kwa adabu, akawaomba wenzake watoke kidogo.

"Pole sana, mama."

"Asante, baba. Haikuwa Jumamosi yake ya kuja. Anakuja wiki moja, wiki nyingine anabaki Njombe kwa ajili ya kanisa. Na Jumamosi iliyotangulia alikuwa hapa, kwa lori. Kwa nini alikuwa anakuja tena, sijui."

"Kwa nini alikuja kwa lori? Baiskeli ilikuwa wapi?"

"Iliharibika. Alijigonga kwenye gogo, uma ukarudi nyuma, gurudumu likawa linagusa miguu yake. Akasema atampa fundi."

Inspekta aliandika. "Alikuwa na adui?"

Dorika alizungusha pete kidoleni.

"Mume wangu alikuwa mtu mwema. Darasa lile la watu wazima alifundisha bila kulipwa, taa alinunua yeye. Lakini alikuwa na fimbo. Jumamosi ile alinisimulia kwamba amemchapa mzee mmoja viganja, darasani, mbele ya mkwewe. Mkwe wa kike. Alinisimulia akicheka. Mimi sikucheka."

Inspekta aliacha kuandika. Yeye naye alikuwa Mbena. Alimjua baba yake, ambaye miaka kumi na miwili hakuwahi kukaa chumba kimoja na mke wa mwanawe, wala kula mbele yake, wala kuitwa jina lake naye. Mzee kuchapwa mbele ya mkwe! Heri avuliwe nguo sokoni.

"Mzee gani?"

"Hakutaja. Nilimwambia, 'Wewe umemwua yule mzee akiwa hai. Nenda kamwombe radhi.' Tukalala tumenuniana. Asubuhi akaondoka bila kunywa chai." Machozi yalimtoka, akayafuta haraka kama mtu aliyekamatwa akiiba. "Naona haya, baba. Maneno yangu ya mwisho kwake yalikuwa ugomvi."

*

Jumatatu asubuhi Inspekta aliingiza baiskeli katika chumba cha mahabusu. Kefa hakusimama.

"Nimetuma mtu Kichiwa," alisema Inspekta. "Ni kweli ulikuwa msibani."

"Nilikuambia."

"Uliniambia." Aliiegemeza baiskeli ukutani. "Lakini mtu anaweza kuharibu baiskeli Jumatano akaenda msibani Alhamisi. Kwa kosa hili ni kamba, Kefa. Nisaidie. Tazama uma huu."

Kefa alitazama kwa mbali kwanza, kwa dharau. Kisha fundi aliyekuwa ndani yake akaamka. Alisogea, akafumba jicho moja.

"Hiki kitu si cha ajali."

"Unajuaje?"

"Afande, baiskeli ikigonga, uma unarudi wapi? Unarudi nyuma, kwa mwenye kupanda. Huu umekwenda mbele. Hakuna jiwe duniani linalovuta uma mbele. Nipe kamba."

Kamba kituoni haikuwepo. Inspekta aliinama, akafungua kamba za buti zake zote mbili. Kefa alinyosha ya kwanza kufuata shingo ya baiskeli, pale usukani unapozungukia, akaiteremsha kwa mshazari ule ule mpaka sakafuni. Ya pili aliifunga nati, akaining'iniza wima kutoka katikati ya gurudumu.

"Angalia. Mstari wa shingo unagusa chini hapa mbele. Gurudumu linagusa chini hapa nyuma yake. Katika baiskeli nzima, kati ya alama hizi mbili kuna vidole vitatu. Pengo hilo ndilo roho ya baiskeli."

"Kwa vipi?"

"Usukani unatangulia, gurudumu linafuata. Kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake: mama akikata kona, mtoto anakata kona. Hata ukiachia mikono, mtoto hajaachia kanga. Sasa ukivuta uma mbele, gurudumu linasogea mbele, pengo linapungua. Hapa pima mwenyewe."

Inspekta alipima. Nusu kidole haikutimia.

"Hapa mtoto ameachia kanga," alisema Kefa. "Ukishika usukani utaiona nyepesi, hata utaipenda. Lakini uachie mikono…"

Alikuwa anapitisha kidole juu ya uma huku akisema. Kidole kikasimama. Akakuna masizi kwa ukucha. Chini yake rangi ilikuwa imeungua, na chuma kilikuwa na ule ubuluu wa chuma kilichopita motoni. Akanusa ukucha wake.

Uso wake ukabadilika kama mlango uliofungwa.

"Kefa?"

"Ni mimi."

"Nini?"

"Ni mimi niliyefanya. Andika."

"Dakika moja iliyopita ulikuwa unanifundisha."

"Nilikuwa najisifu kazi yangu. Andika, afande, nikanyongwe, tumalize."

"Uma huu umetiwa moto. Moto uliupata wapi? Kibanda chako kina pampu na solusheni."

Kefa aligeukia ukuta.

"Nani anakaanga chuma kwa mafuta ya kondoo, Kefa?"

Kefa aliegemeza paji la uso ukutani.

*

Inspekta hakupenda kuamini jambo ambalo mwili wake haujalijua. Alifunga kamba za buti, akaikokota baiskeli mpaka juu ya kile kimteremko kinachoshuka kutoka kituoni kuelekea sokoni, akapanda.

Kefa alisema kweli. Ilikuwa nyepesi, ya kupendeza. Akashuka polepole, upepo baridi usoni. Chini watu walikuwa wanamtazama. Akameza mate, akaachia mikono yote miwili, akainua.

Hatua tatu. Usukani ukageuka wenyewe kulia, ukarudi kushoto kwa hasira. Alijaribu kuushika, hakuukuta mahali alipouacha. Dunia ikapinduka, na Inspekta Msaidizi Manase Luhanga akajikuta amekaa ndani ya fungu la kabichi.

Soko zima lilicheka. Lilicheka mpaka likakohoa. Yule muuza chumvi akaita, "Afande, umemkamata mwizi gani huko chini?" Koplo Marcelino aliingia ndani ya kituo ili acheke kwa heshima.

Inspekta hakuumia, ila kiwiko kidogo. Lakini kicheko kile kilimwingia kama maji ndani ya buti. Akakumbuka kidevu cha Kefa juu ya kifua. Akabaki ameketi pale pale, na akiwa kati ya kabichi akayaona mambo yote wazi.

Aliyepinda uma huu hakutaka mtu afe. Alitaka watu wacheke. Alijua kwamba Mwalimu, mikono ikiwa kwenye usukani, hatadhurika. Alingoja Jumapili, uwanja wa kanisa, mikono juu, watoto wakipiga makofi. Aibu kwa aibu.

Mtu mmoja tu hakuwa anacheka. Priska alikuwa amesimama mbele yake na kofia ya Inspekta iliyodondoka, ameishika kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo.

"Pole, afande."

"Mama," alisema Inspekta akiinuka, "juzi ulitaka kuniambia kitu, nikakufukuza. Sikufanya vema. Naomba uniambie leo."

*

Alimpa kiti ofisini. Mtoto alikuwa ameamka, anacheza na kishikizo cha mamake.

"Ijumaa wewe ndiye uliyekuwa kibandani?"

"Ndiyo."

"Baiskeli ya Mwalimu ilikuwa pale tangu asubuhi?"

"Haikuwepo. Mume wangu aliitoa Jumatano. Uma ukirudi nyuma hivyo, yeye hawezi kuunyosha, anaupeleka kwa mtu mwenye moto. Lakini hapendi watu wajue. Kile kibao chake…" Alitabasamu kwa huzuni. "Fundi wa kila kitu."

"Nani aliirudisha Ijumaa?"

Priska aliinamisha macho.

"Alikuja alasiri. Hakukaribia. Aliiegemeza kwenye kisiki, akakohoa, akaenda zake. Mimi nilingoja mpaka amepotea ndipo nikaichukua. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Jioni Mwalimu akaja, nikampa kwa mikono yangu hii."

"Nani, mama?"

Priska alimkaza mtoto kifuani.

"Mume wako amesema ni yeye. Ameniambia niandike anyongwe."

Priska alishtuka mpaka mtoto akaanza kulia. Akamtikisa, akambembeleza, na machozi yake mwenyewe yakidondoka kwenye kofia ya sufi ya mtoto.

"Afande, siwezi kulitamka jina lake. Sijalitamka tangu nilipoolewa. Na darasani…" Akasita. "Darasani Mwalimu alituchanganya wote kwa sababu taa ni moja. Alisema, 'Hapa hakuna mkwe, kuna wanafunzi.' Yeye alikaa nyuma kabisa mlangoni, mimi mbele nimejitanda. Siku ile aliitwa ubaoni akashindwa kuandika jina lake. Akachapwa. Kisha Mwalimu akaniita mimi nimwandikie. Nilikataa. Mume wangu aliposikia, ndipo akamwambia Mwalimu yale ya kula udongo."

Inspekta alivuta karatasi nyeupe, akaiweka mbele ya Priska, na penseli juu yake.

Priska aliitazama penseli muda mrefu. Akamhamisha mtoto goti la kushoto. Kisha akaandika, polepole, kwa herufi kubwa zilizonyooka, na kila herufi ilimtoka kama mwiba. Alipomaliza akaigeuza karatasi kifudifudi, akajifunika uso kwa kanga.

*

Mzee Enoki, mhunzi aliyetoka Mawengi akiwa kijana na kufanya makao kandokando ya barabara ya Makambako, alikuwa ameketi mbele ya moto uliozimika. Mivuo ya kupulizia moto ilikuwa imelala. Alipoona kofia ya polisi hakushtuka.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, mwanangu. Nimekungoja tangu Jumamosi. Nilisema nitakuja mwenyewe, miguu ikakataa."

"Sheria inanitaka nikuonye. Si lazima useme kitu, na utakalosema nitaliandika, lije litumike mahakamani."

"Andika. Kefa wangu yuko wapi?"

"Yuko ndani. Amesema ni yeye."

Mzee alifumba macho. "Mpumbavu. Mpumbavu mwema." Akakaa hivyo kidogo, kisha akafungua kiganja cha kulia, kigumu kama gome, akakitazama.

"Nimefua majembe ya nusu ya watu wa hapa. Sikujua kusoma, sikuona shida. Mwaka huu akazaliwa mjukuu wangu, nikasema, asije akanisomea barua yeye. Nikaenda darasani. Mwalimu alikuwa mtu mwema, usiandike vingine. Hilo ndilo linaloniua. Akaniita ubaoni. Mkono huu unaonyosha chuma ulitetemeka kwa chaki. Chaki ikavunjika. Watu wakacheka. Akasema, nyosha mkono. Nikanyosha. Fimbo tatu. Na mkwe wangu yupo."

"Ukataka kulipiza?"

"Hizo tatu ningezimeza. Mimi nilishindwa, basi. Lakini akamwita yule binti aniandikie jina. Akakataa, kwa heshima yangu. Akamwambia naye anyoshe mkono. Akamchapa. Moja, mtoto akiwa mgongoni."

Inspekta aliinua uso. Hilo Priska hakulisema.

"Hiyo moja ndiyo iliyonipeleka motoni," alisema Enoki. "Jumatano Kefa akaniletea baiskeli. Niliunyosha uma vizuri, kweli kabisa. Nikautundika. Alhamisi nikautazama siku nzima. Ijumaa asubuhi nikautia moto tena, nikauvuta mbele inchi mbili. Nikapaka masizi na mafuta pafichike. Nilitaka aanguke Jumapili, pale uwanjani, mikono juu. Watu wacheke mara moja tu. Basi."

"Ila alisafiri Jumamosi."

"Haikuwa Jumamosi yake! Mimi nilihesabu!" Sauti ya mzee ilipasuka. "Alfajiri nilikuwa hapa nje nawasha moto. Akatokea, anaisukuma baiskeli kupanda kilima. Akasimama. Akavua kofia. Akasema, 'Mzee Enoki, nilikukosea. Mke wangu alinigombeza, na wiki nzima sijapata usingizi. Naomba unisamehe, na Jumatatu uje darasani, fimbo nimeichoma.' Akasema anakwenda Makambako kumwambia mkewe kwamba ameniomba radhi."

Inspekta aliona penseli yake imesimama.

"Ukamjibu nini?"

"Ningesema, 'Mwalimu, usipande hiyo baiskeli.' Maneno manne tu. Lakini angeniuliza kwa nini. Ningelazimika kumwambia nilichokifanya, mtu aliyenivulia kofia. Aibu ilinishika ulimi, mwanangu. Nikasema, 'Safari njema.'"

Upepo ulipeperusha majivu kati yao.

"Alikwenda ameshika usukani," alisema mzee. "Nikajiambia, hakuna watu njiani, hataachia. Nikajiambia hivyo mpaka jua lilipotoka."

*

Inspekta hakutoa pingu. Mzee alizitafuta kwa macho.

"Hunifungi?"

"Unataka kukimbia?"

"Nataka kitu kimoja tu. Tusipite pale kibandani. Yule binti asinione."

Wakapita nyuma, njia ya miti ya miwati, mzee mbele na Inspekta nyuma, kama watu wanaokwenda shamba. Kituoni maelezo yalisomwa mpaka mwisho, mzee akiitikia kwa kichwa. Koplo akaleta kibweta cha wino kwa ajili ya dole gumba.

"Subiri," alisema Enoki. "Nani aliyekuonyesha kwangu?"

Inspekta alisita. Kisha akaiweka ile karatasi mezani.

"Ni nini hii?"

"Ni jina lako, mzee. Hakuweza kulitamka. Aliliandika ili kumwokoa mumewe."

Enoki alikaribisha macho. Aliifuata kila herufi kwa kidole kisichogusa karatasi, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Ameliandika vizuri," alisema. "Amelinyosha."

Akasukuma kibweta cha wino pembeni. "Nipe kalamu."

Ilichukua muda ambao Koplo angeweza kunywa chai mbili. Hakuna aliyemharakisha. Akiitazama karatasi ya mkwewe, mhunzi aliandika herufi moja, akapumua, akaandika nyingine. Ya tatu ilikuwa karibu ianguke, akaisimamisha. Chini ya maelezo ya kuua bila kukusudia kukakaa jina kubwa lililopinda, lakini lililosomeka.

Alipopelekwa mahabusu, walipishana mlangoni na Kefa anayetolewa. Mwana alipiga magoti. Baba alimwekea kile kiganja kichwani.

Inspekta alimtoa Kefa kwa njia ile ile aliyomwingizia, katikati ya soko, mchana kweupe. Walipofika kwenye mafungu ya kabichi alisimama, akavua kofia.

"Jumamosi nilimpitisha mtu huyu hapa na pingu. Hakuwa na kosa. Mwenye kosa siku ile nilikuwa mimi. Namwomba radhi mbele yenu, kwa maana nilimwaibisha mbele yenu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Muuza chumvi alijifanya anapanga chumvi yake.

Kefa alitazama chini, akaitikia kwa sauti ndogo, "Yamekwisha, afande," kwa namna ya mtu anayejua kwamba hayajaisha. Akaenda kibandani, akakishusha kile kibao, akakiegemeza ukutani, maandishi ndani.

Priska alikuwa amebaki nyuma kidogo. Alingoja mpaka mumewe ameingia.

"Afande. Yeye… aliiona karatasi?"

"Aliiona."

"Amenikasirikia?"

"Alisema umeliandika vizuri. Akaliandika na yeye, kwa mkono wake, chini ya maelezo."

Priska aliinua macho kwa mara ya kwanza. Yalikuwa yamejaa haya na machozi, na chini ya hayo, mbali sana, kitu kama taa.

"Herufi zote tano?"

"Zote tano, mama."

Alimpandisha mtoto mgongoni, akaikaza kanga, akavuta fundo mara mbili kuhakikisha halitaachia.